Niliuandikia Ugoro Jina la Dawa

Kosa langu la kwanza lilikuwa la herufi moja. Herufi N. Nitaeleza, ila mkianza kucheka mnisubiri, kwa sababu mbele kuna mambo si ya kucheka.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita. Nachora mabango na kuta za maduka huku Homa Bay. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kutazama simu na kuiga herufi za magunia ya saruji, mpaka nikaweza kuandika neno SARUJI kwa namna kumi na moja. Nina ugonjwa mmoja usio na hospitali: kazi yangu lazima iwe sawasawa. Nikiona O imeinama kidogo, chakula hakipiti. Nimewahi kurudi Sori kwa boda, safari nzima hiyo, kwenda kusawazisha nukta ya herufi i kwenye mlango wa muuza omena ambaye mwenyewe hajui kusoma.

Sasa sikieni aibu ya mtu huyo wa sawasawa.

Mama yangu ni Mkuria, marehemu baba alikuwa Mjaluo. Nilikulia Migori mjini, na nyumbani tulizungumza Kiswahili ili pasiwe na mshindi. Kwa hiyo Kijaluo changu ni cha kuombea maji tu. Nilipofika miaka ishirini na miwili, ndugu za baba walinipatia kibanda cha kazi huko Ndhiwa, sokoni. Wiki ya pili, jino likaanza.

Jino lile! Lilikuwa linapiga kama ngoma ya jeshi. Siku ya soko nilikuwa nimeshika shavu kwa mkono mmoja, mwingine unachora K ya neno KUKU, na ile K inatetemeka kama kuku mwenyewe ameona kisu. Karibu na kibanda changu alikuwa akikaa mama mzee mwenye gunia lake la biashara. Wote walimwita Dani, yaani nyanya. Akaniangalia.

"Nyakwara, lak?" Mjukuu wangu, ni jino? Akagonga jino lake mwenyewe, mojawapo ya matatu aliyobaki nayo. Hapo pekee pangetosha kunionya.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ndawa," akasema, akakunjua kipande cha gazeti chenye unga wa kahawia. "Ndawa maber." Maber ni nzuri, hilo nililijua.

Mimi nikasikia dawa. Nikadhani ile N ni lafudhi tu, kama vile wengine wanavyosema samba badala ya shamba.

"Dawa?" nikauliza.

"Ee, ndawa."

"Dawa ya jino?"

"Ya jino, ya kichwa, ya mawazo. Weka hapa." Akavuta mdomo wake wa chini mbele kama mfuko wa shati, akanionyesha ndani.

Wenye lugha yao wameshajua. Kwa Kijaluo dawa ni yath. Ndawa ni tumbaku. Ule unga ulikuwa ugoro, majani ya tumbaku yaliyosagwa na magadi, magadi yale yale tunayotilia mboga za kienyeji zilainike. Sikujua. Au niseme hivi, maana nimekuja hapa kuungama: pua yangu ilijua, sikio langu likakataa.

Nikaweka. Ukachoma kama pilipili, dunia ikazunguka, nikatapika nyuma ya kibanda.

"Dani, hii dawa ni kali!"

"Itakuzoea," akasema.

Jino likafa ganzi. Na mkono, jamani, mkono ukatulia! Nikarudi kwenye ile K ikasimama wima kama askari wa gwaride. Hapo ndipo niliponaswa. Sikunaswa na jino. Nilinaswa na herufi iliyonyooka.

Mwezi haukuisha kabla sijaanza kuweka ugoro kwa kila neno. Baadaye kwa kila herufi. Nikiukosa asubuhi moja, natoka jasho, namfokea mteja, na mkono unatetemeka kuliko ulivyotetemeka kabla sijaujua. Mimi nikasema ni jino, bado halijapona.

Kisha mama akapiga simu kutoka Migori. Jino lake nalo linamsumbua.

Kwanza mumfahamu mama yangu. Ni Msabato wa kweli. Hanywi kahawa, majani ya chai hayaingii jikoni kwake, omena anakula lakini kambare hamgusi hata kwa kijiti. Huniita baba, kwa kuwa nimepewa jina la baba yake. Nikamwambia, "Mama, usihangaike. Huku kuna dawa."

Nikanunua kopo safi lenye kifuniko. Nikaliandika mwenyewe kwa brashi ndogo:

DAWA YA MENO
WEKA KIDOGO KWENYE FIZI
MARA TATU KWA SIKU

Nafasi kati ya herufi niliipima kwa rula. Hayo ndiyo maandishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika, naungama. Hiyo mara tatu niliitoa wapi? Sijui! Niliona tu kwamba dawa huandikwa hivyo. Nikalipeleka kopo kwenye gari la Migori.

Baada ya wiki akapiga. "Baba, ile dawa inafanya kazi. Tuma nyingine."

Nikatuma. Nikaendelea kutuma.

Miezi saba baada ya ile siku ya jino, nikapata kazi kubwa, bango la duka la dawa hapo hapo sokoni. Mwenye duka alinijua tabia yangu. "Andika DUKA LA DAWA, basi. Usiongeze kitu." Akaenda Homa Bay mjini kuleta bidhaa, akamwacha msichana wa dukani.

Saa nne nilikuwa nimemaliza. Lakini chini ya maandishi palibaki nafasi tupu, na nafasi tupu huniuma kuliko jino. Nikawafikiria wazee wasiojua Kiswahili. Masikini, watajuaje kwamba hapa pana msaada? Nikachukua rangi nyekundu, nikaongeza kwa Kijaluo nilichokuwa najivunia: OD NDAWA. Nyumba ya dawa. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Kufika saa nane kulikuwa na foleni. Wazee watupu, kila mmoja na kikebe chake mkononi.

"Hatuna!" msichana alikuwa akipiga kelele ndani. "Wazee, jamani, hatuna!"

"Mnakosaje na imeandikwa?" mzee mmoja akamjibu. "Tena kwa wekundu!"

Dani mwenyewe akaja, akasimama mbele ya bango, akasomewa. Akanigeukia. "Nyakwara, umenifungulia mpinzani?"

Mwenye duka aliporudi, alisukuma watu mpaka mbele, akatazama juu.

"Wewe! Hii ni nini?"

"Nimeongeza Kijaluo, bwana. Dawa."

"Dawa ni yath! Wewe umeandika nyumba ya tumbaku! Mimi nauza dawa ya kifua, unaniletea wenye kukohoa na kinachowakohoza!"

Soko zima likacheka. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Jandawa, mtu wa tumbaku. Na mimi nilisimama pale nikicheka nao kwa shida, kwa sababu chini ya mdomo nilikuwa nayo, imejaa.

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo kosa lenyewe. La kwanza lilikuwa la sikio, na sikio halifungwi jela. Lakini la pili! Siku ile ile nilitoa simu nimpigie mama nimwambie ukweli. Nikaitazama. Nikairudisha mfukoni. Unamwambiaje mama asiyegusa majani ya chai kwamba mwanawe amemlisha majani ya tumbaku miezi mizima, mara tatu kwa siku, kwa maandishi mazuri?

Mnataka kujua nilifanya nini? Kopo lililofuata nilibadilisha maandishi. Nikaandika MARA MBILI KWA SIKU.

Hiyo ndiyo toba niliyofanya! Nilipunguza dozi!

Mimi mwenyewe sikuacha. Nilijipa maneno matamu. Nikajiambia ugoro si sigara, hauna moshi, hauendi kifuani. Watu wazima wanatumia, na Dani yuko hai na meno yake matatu. Miaka miwili na zaidi ikapita namna hiyo.

Mwaka jana nikaitwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Rangwe, ng'ambo kidogo ya Asumbi. Daktari wa pale, mama mmoja mcheshi asiyekaa chini, alitaka ukuta unaotazama benchi za wagonjwa uchorwe onyo kuhusu ugoro. Vicheko vyenu nimevisikia. Nilikubali kazi nikiwa nao mdomoni.

"Midomo miwili," akaniambia. "Mmoja mzima, mmoja ulioharibiwa na tumbaku. Mikubwa, hata asiyesoma aelewe."

Nikaanza na ule ulioharibika, upande wa kushoto. Sikuwahi kuuona mdomo wa namna hiyo, basi nikautunga. Meno meusi, ulimi wa kijani, mabuu mawili, na moshi unatoka kwenye fizi. Kona moja nikaweka moto kidogo.

Upande wa kulia nikachora mdomo mzima. Kwa huo sikutaka kubahatisha. Nikanunua kioo kidogo, nikatema, nikasukutua, nikavuta mdomo wangu wa chini nikachora nilichokiona. Siku mbili nzima! Kila mstari, kila kivuli. Mdomo wangu ulikuwa mdomo tu kwangu, nilikuwa nao siku zote.

Maandishi nikayaacha ya mwisho. Tangu ile N ya sokoni, nilikuwa naogopa kuandika neno lolote linalohusu dawa kabla mtu hajanisomea. Kwa hiyo chini ya picha hapakuwa na kitu.

Siku ya tatu daktari akaja kukagua. Akasimama mbele ya mdomo wa kulia. Akausogelea, akavua miwani, akaivaa tena.

"Msanii! Nani alikuonyesha?"

"Kuonyesha nini, daktari?"

"Hivi ndivyo hasa unavyokuwa! Hili doa jeupe lenye makunyanzi, hapa unapowekwa ugoro. Fizi zimerudi nyuma, mzizi wa jino uko nje. Hata kwenye vitabu sijauona umechorwa vizuri hivi." Akageukia kushoto. "Na hii ni ya nini? Mamba?"

"Huo ndio... ulioharibika."

"Kwa nini unatoka moshi? Ugoro hauna moshi, msanii." Akacheka. Kisha akaacha kucheka polepole, kama mtu anayehesabu. "Ngoja. Kama mamba ndiye mgonjwa, huu wa kulia ni upi?"

"Ni ule mzima."

Kwenye benchi mzee mmoja akasema, "Yawa! Kama huo ni mzima, mimi ni malaika."

"Mzima wa nani?" daktari akauliza.

"Wangu."

Daktari akanisogelea.

"Vuta mdomo," akasema.

Nikavuta. Akamulika kwa simu. Wagonjwa wakainuka kwenye benchi, hata aliyekuwa amebebwa kuletwa, wakaja kulinganisha. Wanatazama ukuta, wanatazama mimi.

"Umefanana kabisa," yule mzee akasema. "Lakini umesahau kidoa kingine, hapo kushoto."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilichukua brashi nikakiongeza.

Daktari akaniingiza chumbani. Nilimwambia nilivyokuwa nikijiambia, kwamba hauna moshi. Akanijibu bila kupandisha sauti.

"Moshi haupo, sumu ipo. Unaiweka mahali pamoja kila siku. Magadi yanachubua nyama, tumbaku inaingia. Inakwenda kwenye damu, moyo unakimbia, ndiyo maana huwezi kukaa bila hiyo. Doa kama hili huenda likabaki doa. Huenda likageuka saratani ya mdomo. Kwa macho siwezi kukuambia ni lipi. Lazima likatwe kipande kikapimwe."

"Haliumi, daktari."

"Ndiyo hatari yake. Halikuiti."

Kipande kilikatwa katika hospitali ya Homa Bay mjini, nikaambiwa nisubiri majibu wiki mbili. Katika siku hizo sikuufikiria mdomo wangu kama nilivyofikiria mdomo mmoja ulioko Migori, unaowekewa kwa zamu, mara mbili kwa siku, kama nilivyoagiza mimi.

Jumapili nikaenda. Nilimkuta mama amekaa barazani, ungo mapajani, anachagua maharagwe. Kopo langu lilikuwa kando yake. Herufi zilikuwa zimeanza kufutika kwa kushikwashikwa.

Sikujua pa kuanzia. "Mama, jino likoje?"

"Jino gani?"

"Lile la dawa."

"Lile si liling'olewa, baba? Mwaka wa pili huu."

"Sasa dawa unatumia ya nini?"

Akafikiri. "Ya pengo."

Siku nyingine ningeanguka kwa kicheko. "Mama," nikasema, "ile si dawa. Ni ugoro. Ni tumbaku. Nilikosea mwanzo, kisha nikajua, nikanyamaza."

Akaokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa uani. "Ee."

"Unasema ee?"

"Niseme nini? Nani alilima tumbaku kule kwetu Kuria, si baba yangu, huyo uliyepewa jina lake? Nani alikuwa akifunga majani kwenye vijiti na kuyatundika bandani yakauke, si mikono hii? Harufu niliipata nikiwa bado kwenye kituo cha magari, kabla sijafungua kifuniko."

"Ulijua! Mbona hukusema?"

"Uliandika dawa."

"Mama!"

"Wewe tangu utoto huandiki neno bila kulipima. Nikasema, kama yeye amepima akaona ni dawa, mimi ni nani nibishane na rula? Wanawake wa kanisani walisoma kopo wakapita. Hata mimi nilikuwa nalisoma kwanza, kila nilipotaka kuweka. Nalisoma polepole." Akasimamisha mikono juu ya ungo. "Jino lilipotoka nilitaka kuacha. Siku nzima nililia bila kufiwa. Nikaona bora nilisome kopo tena."

Nikavuta mdomo wangu nikamwonyesha doa, na kidonda cha mahali palipokatwa. Ungo ukaanguka, maharagwe yakatawanyika baraza zima.

"Sogea kwenye mwanga!" Akapitisha kidole gumba kando ya kile kidonda, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga dawa. Dawa ya kweli. "Na wangu? Tazama wangu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama ndani ya mdomo wa mama yangu. Fizi zilikuwa zimeshuka, mizizi ya meno iko nje kama ya mti uliomomonyokewa na mto. Doa sikuliona. Lakini mimi ni mchora mabango, na nimewahi kuuita mzima mdomo ulio mgonjwa.

"Tutakwenda kwa daktari," nikasema.

"Tutakwenda. Kwanza toa brashi."

"Ya nini?"

"Futa uongo wako. Andika jina lake."

Nilikaa kwenye maharagwe nikafuta. Sikuwa nimeweka ugoro tangu siku ile ya ukutani, na mkono ulikuwa unatetemeka vibaya. Nikaandika TUMBAKU. B ikalala upande, U ya mwisho ikateleza chini. Nikachukua kitambaa nifute nianze upya. Mama akanishika mkono.

"Acha hivyo hivyo. Inasomeka."

Jumamosi iliyofuata alilibeba lile kopo hadi kwa wenzake wa kanisani, akalionyesha. Mmoja wao akainama, akatoa kopo lake mkobani. Mama alikuwa amemgawia. Na juu ya kopo hilo mama alikuwa amenakili kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi: MARA MBILI KWA SIKU. Huyo simjui hata uso, na mwandiko wangu umemfikia! Wakati mwingine nikiwa juu ya ngazi namkumbuka, na inabidi nishuke.

Majibu yalitoka. Si saratani. Lakini daktari alisema nyama ilikuwa imeanza kubadilika, na kama ningeendelea, huenda ingegeuka saratani. Mama naye alitazamwa. Hana doa. Fizi alizopoteza hazitarudi.

Ule mdomo wa kulia daktari alinikataza nisiuguse. Niliandika chini yake MDOMO ULIOHARIBIWA NA TUMBAKU, nikamsomea mara nne kabla ya kupaka rangi. Mamba nilimfuta. Mahali pake nikachora mdomo wa mlinzi wa lango la kituo, ambao haujawahi kutiwa kitu isipokuwa ugali na maneno.

Wewe unayesoma hili na kitu chini ya mdomo, iwe ugoro wa Dani wa sokoni kwenu au vile vipakiti vya nikotini vya vijana, sitakutisha kwa mabuu na moto. Chukua kioo. Vuta mdomo. Ukiona weupe usiokuwapo zamani, usiuzoee kama nilivyouzoea mimi, nenda ukaonyeshe. Na kama umemtumia mtu unayempenda, umeita dawa, au kiburudisho, au kitu cha wazee tu, mpigie leo umwambie jina lake. Anaweza kuwa analijua. Anakungoja wewe uliseme.

Kwangu hiki ndicho kilichobadilika. Ni miezi kumi na moja sijatia ugoro mdomoni. Doa limepungua, na narudi kutazamwa kila baada ya miezi mitatu. Mama aliacha, akarudia mara mbili, akaacha tena. Sasa ni mwezi wa nne. Mkono wangu unatetemeka kidogo nikichora, herufi zangu zimepinda kidogo, na watu wanazisoma.